Nta Nyekundu kwenye Ngazi

Kwenye kilio cha Papa Kabange, kule Makomeno, walinikalisha kwenye kiti cha plastiki karibu na mwanamke mzee, na niliuona mkono wake wa kushoto kabla sijamwona uso. Alikuwa amepewa sahani ya bukari, ugali wetu, na samaki, anakula kwa mkono wa kuume, na ule wa kushoto ameulaza juu ya goti kama kitu alichopewa amchungie mtu mwingine. Kifundo kilikuwa kimepinda kidogo kuelekea nje. Nilikijua. Ningeweza kukijua hata mahali penye watu elfu. Nikanyanyua macho, na yeye alikuwa ameshanitambua zamani, anatafuna polepole, ananingoja. "Mado," akasema. "Weye njo huyu? Umenona hivi!" Nikamwambia, "Ni miaka, Mama Feza." Akasema, "Miaka hainoneshe muntu, ni bukari. Kula. Papa Kabange hakupendaka muntu kukalia kilio na tumbo mutupu."

Nilikula, lakini sikujua nakula nini. Nilikuwa sijamwona Mama Feza kwa zaidi ya miaka ishirini, tangu alipoacha kazi na kufuata watoto wake Likasi, na kwa miaka yote hiyo nilikuwa na neno lake moja ambalo sikumpa. Papa Ilunga, ambaye pia lilimhusu, alikufa kwa ugonjwa usiohusiana na hayo, na sikumwambia. Papa Kabange ndiye huyu tuliyekuja kumlilia. Alibaki huyu mama peke yake, anatoa miiba ya samaki mdomoni kwa vidole viwili.

Mimi si mtu wa kuandika vitabu. Niliacha masomo mwaka wa pili wa sekondari, na sitaeleza kwa nini, kwa sababu mambo ya nyumbani kwetu yanafanana na ya nyumba nyingine nyingi za watoto wa watu wa reli. Lakini tangu siku niliyoacha shule nimekuwa na kaye, yaani daftari, na kila siku naandika mistari miwili mitatu: mvua au jua, tumekula nini, nani alipita. Kaye za mwaka wa jambo hili ninazo mbili. Pale ninapokumbuka kwa kichwa tu nitasema, maana kichwa changu hupenda kunitetea. Maneno ya watu nimeyaacha kama walivyoyasema, kwa Kiswahili chetu cha hapa Lubumbashi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na nilikuwa mfagiaji katika chuo kimoja cha ufundi. Jina lake sitaliandika. Wengi waliokuwapo hawapo tena kujitetea. Sisi wa usafi na matengenezo tulikuwa kumi na mmoja, na tulikuwa na chumba chetu nyuma ya ukumbi mkubwa wa masomo. Dirisha lake halikuwa na kioo, lilikuwa na kipande cha mbao ambacho Papa Ilunga, seremala wetu, alikitoa kila asubuhi na kukirudisha jioni, akisema kioo kitakuja wiki ijayo. Upande mmoja fagio na ndoo, upande mwingine ngazi za kupandia, misumari, balbu zilizoungua ambazo hakuna aliyetaka kuzitupa. Katikati kulikuwa na mbabula ya makaa, na juu ya mbabula, tangu saa nne, sufuria ya Mama Feza, mfagiaji mwenzangu aliyetupikia. Harufu ya sombe, yale majani ya muhogo, na harufu ya nta ya sakafu zilikaa pamoja mle ndani mpaka nikiwa nyumbani, nikila sombe, nilikuwa nasikia kama kuna kitu kimekosekana.

Mkuu wetu alikuwa Papa Kabange. Baba yake alifanya kazi ya mgodi, na yeye alipokuwa mtoto alikuwa akimpelekea chakula mpaka kwenye geti. Pale getini, alitueleza, kulikuwa na ubao wenye namba ya siku zilizopita bila mtu kuumia. "Bantu balikuwa banasoma ile chiffre mbele ya kuambiana bonjour," alisema. "Ikipanda, hata bibi ku nyumba banacheka." Basi mwanzoni mwa mwaka ule wa masomo akapaka ubao rangi nyeusi, akaupigilia juu ya mlango wetu, na kwa sababu mimi nilikuwa na mwandiko mzuri, kazi ya chaki ikawa yangu. Juu niliandika SIKU BILA AKSIDA, na chini, kila asubuhi kabla ya kushika ufagio, namba. Siku zikifika mia, shemeji yake wa Kasenga angeleta samaki, kapu zima, na mke wake angepika, na sisi kumi na mmoja tungekula mpaka tushindwe kusimama.

Nisiuonee ubao ule. Mwanzo ulitusaidia. Kabla yake, dawa ya kusafishia vyoo, ile inayounguza, ilikuwa inakaa kwenye chupa za bia, karibu na chupa za maji ya kunywa, na hakuna aliyeona ajabu. Siku ya tano hivi Papa Kabange alizipanga zote mezani, akauliza, "Ni nani anaweza kuniambia gani ni ya kunywa?" Hakuna aliyethubutu. Siku ile ile tukaziandika majina. Watu wakaanza kushikiana ngazi. Papa Ilunga, aliyekuwa akifumba jicho moja tu anapokata mbao, akaanza kuvaa miwani. Tulikuwa tunaangalia. Nakumbuka mimi mwenyewe nikitembea kwenye korido na kushangaa ni vitu vingapi vinangoja kumuumiza mtu, vimetulia tu: waya, msumari, kigae kilicholegea. Ilikuwa kama mtu amenifungulia dirisha.

Halafu, sijui ni siku ya hamsini au ya sitini, kaye yangu haisemi, macho yetu yakahama. Yakatoka sakafuni yakapanda kwenye namba. Mtu wa bustani alijikata kidole na panga, akakifunga kwa jani, na alipoulizwa akasema, "Ile haiko aksida. Ile ni damu tu." Tulicheka siku nzima. Yule wa kuchomelea vyuma akapata cheche jichoni, tukaiita vumbi. Papa Kabange alicheka pamoja nasi, na sidhani alikuwa anadanganya. Nadhani aliiona namba inapanda na akaamini kama alivyoamini akiwa mtoto.

Sasa nifike kwenye nta. Watu wa hapa wanajua sakafu nyekundu ya saruji, inayopakwa nta, sisi tunaita cire, mpaka ing'ae, na mama wa nyumba anapimwa kwayo. Chuo chetu kilikuwa na ngazi saba za namna ile mbele ya ukumbi mkubwa, na zilikuwa zangu. Nilikuwa nalainisha nta kwa mafuta ya taa, petrole, ndani ya kopo, naipaka kwa mkono, halafu naweka kipande cha blanketi chini ya mguu na kusugua kama mtu anayecheza dansi ya mguu mmoja. Mvua zilipoanza Papa Kabange alituambia wote, na mimi nilikuwapo, nilisimama mbele kabisa: "Ku escalier ya inje, cire hapana tena. Mayi na fagio, basi. Mpaka mvua iishe." Nikasema ndiyo. Lakini mwezi mmoja kabla yake mkurugenzi wa chuo alikuwa amepita pale akasimama, akaangalia ngazi, akaniambia, "Mademoiselle, hapa muntu anaweza kujiangalia akichanua nywele." Neno lile nililiandika kwenye kaye. Sikuwa nimesifiwa mara nyingi.

Jumatatu moja tukaambiwa wageni wanakuja. Niliwahi kabla ya wengine, nikachukua kopo langu, nikapaka ngazi zote saba. Hakuna aliyenituma. Zilikuwa nzuri, na nasema hivyo hata leo. Ubao ulikuwa kwenye tisini na tatu. Saa nne mvua ikaja, na saa nne na nusu Mama Feza akateremka na ndoo mbili, akakanyaga ngazi ya tatu, na miguu yake ikaenda mbele bila yeye. Nilikuwa chini, nikamwona anafika chini na mkono wa kushoto nyuma yake. Ndoo moja iliendelea peke yake mpaka kwenye majani.

Nilimkimbilia nikamnyanyua kwa makwapa. Hakulia. Aliangalia mkono wake, kisha akaniangalia mimi kwa muda, kisha akasema, "Mado, usiandike."

"Mama, mukono inavimba."

"Niliambia nini? Usiandike. Iko siku ya tisini na tatu. Unifunge kamba hapa, niendelee."

Nikafunga kifundo kwa kitambaa chake cha kichwa. Na hapa ndipo sijiamini. Siku zote nimejieleza kwamba nilinyamaza kwa sababu mtu mkubwa aliniomba, na kwa sababu ya samaki wa watu kumi na mmoja. Lakini wakati nafunga kile kitambaa nilikuwa naona nta mpya chini ya maji, na nilijua ni ya nani. Je, kama angeniambia "andika", ningeandika? Nimefungua kaye ya siku ile mara nyingi. Imeandikwa: "Mvua. Sombe." Hata kaye yangu mwenyewe niliificha.

Papa Kabange aliingia saa sita kula. Alikiona kile kitambaa, maana Mama Feza alikuwa anakoroga sufuria kwa mkono mmoja na kushikilia kwa kiwiko. Alikiangalia, akaangalia juu ya mlango, akachukua sahani yake. Jioni, watu walipoondoka, nilizisugua ngazi kwa maji ya moto, lakini haraka haraka, nikiogopa mtu asiniulize kwa nini. Nta haitoki kwa haraka. Ilibaki kwenye zile za katikati.

Siku ya tisini na nane kioo cha dirisha letu kilifika, baada ya wiki ijayo nyingi. Papa Ilunga alikwenda mwenyewe kukipokea kwenye gari. Kulikuwa na njia ya mteremko pembeni ya ukumbi, ya kupitisha mizigo, lakini jenereta, sisi tunaita groupe, lilikuwa limewekwa pale tangu umeme uanze kukatika, kwa hiyo akapanda ngazi. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Mimi nilikuwa ndani. Sauti niliyoisikia kwanza ilikuwa ya kioo. Tulipofika alikuwa ameketi kwenye ngazi ya pili, mguu umekaa vibaya, damu mkononi, anasema, "Kioo. Kioo ya bantu." Walimpakia kwenye gari la mkurugenzi. Mguu ulivunjika mahali pawili. Alirudi kazini baada ya miezi minne na fimbo, akafanya kazi ya kukaa, na hakupanda tena paa. Siku tulipokwenda kumwona hospitalini mtu wa bustani alimwambia, "Papa Ilunga, hata ungengojea siku mbili tu! Tukule samaki, njo uanguke." Papa Ilunga alicheka mpaka muuguzi akatufukuza. Mimi pia nilicheka.

Kesho yake baada ya Papa Ilunga kuanguka, Papa Kabange aliniambia, "Andika zero." Nikaandika. Siku ya tatu aliniita asubuhi kwenye zile ngazi. Alikuwa na ndoo ya maji na jozi tatu za viatu: buti za mpira, kandambili, na vile vya ngozi vya kwendea misa. Nilidhani ananiita kunifukuza. Akasema, "Mado, mimina mayi. Polepole." Nikamimina. Akavaa buti, akapanda, akateremka. Akavaa kandambili. Alipovaa vya misa, ngazi ya tatu, mguu ukamtoka, nikamdaka koti, na tukabaki pale tumeshikana kama maharusi, wanafunzi wanapiga makofi. "Sawa," akasema akihema. "Tumemona ya kwanza. Inateleza. Sasa, mayi inatoka wapi? Mvua imeisha saa moja, na hapa kungali mayi."

Tukaangalia juu. Mfereji wa paa ulikuwa na tundu, na tone lilikuwa linaanguka pale pale, ngazi ya tatu. "Na mbele ya pale?" akauliza. Hilo ndilo lilikuwa neno lake siku ile: na mbele ya pale, yaani kabla ya hapo. Tundu lilikuwapo tangu lini? Nani aliliona? Niliona mimi, miezi miwili, nikadhani ni kazi ya wengine. Na kwa nini Ilunga alipita hapa na kioo? Groupe. Na mbele ya pale, groupe liliwekwa na nani? "Na miye," akasema, akajigonga kifua kwa kidole. Na kwa nini hakukuwa na kitu cha kushikilia? Tukakuta mashimo mawili kwenye saruji: zamani kulikuwa na chuma cha kushika, kikaondoka, hakuna aliyejua kilikwenda wapi. Naona aibu kuandika kwamba nilifurahi. Nilikuwa nimesahau woga. Nilikuwa nakimbia juu na chini, naonyesha, nauliza mwenyewe, kama mtu anayefuata mto mpaka kwenye chemchemi yake. Sikuwahi kujua kwamba kuanguka kwa mtu kuna habari ndefu namna ile nyuma yake.

Halafu Papa Kabange akapiga magoti na kukwaruza ngazi ya nne kwa ukucha. Ukucha ukatoka mwekundu. "Hii cire," akasema, "iko ya saison sèche, ile ya mbele ya mvua?"

Nikaitikia, "Njo vile, Papa."

Aliuangalia ukucha kidogo, akajifuta kwenye suruali. Akanipeleka chumbani, akanipa kaye ya chuo ya kuandikia ajali na kalamu. "Andika yote. Hapana kuanzia ku Ilunga. Anzia kwenye ilianza." Na nikaandika. Niliandika mfereji, groupe, chuma kilichopotea. Niliandika Mama Feza, na siku yake ya kweli, tisini na tatu, na kwamba mimi sikuandika siku ile. Niliandika nta, kwamba ilikuwapo. Kwamba niliipaka asubuhi ile ile, nikiwa nimekatazwa, sikuandika. Papa Kabange alisoma akitembeza midomo. Alipofika kwa Mama Feza akasimama. "Na miye nilimona kile kitambaa," akasema. "Nilimona, nikakula. Andika vile pia. Andika jina yangu." Nikaandika jina lake, kwa mwandiko wangu mzuri, na langu, pale kwenye nta, halikuwapo.

Mwezi ule mfereji ulizibwa. Groupe lilihamishwa, sisi kumi na mmoja tukisukuma hata bila Papa Ilunga, maana mkurugenzi mwenyewe alivua koti. Chuma cha kushikilia kilichomelewa kutoka kwenye vitanda vya zamani vya wanafunzi, na kwenye kingo za ngazi tulipaka rangi iliyochanganywa na mchanga, mbaya kuiangalia, lakini mguu unashika. Ubao haukutupwa. Papa Kabange alifuta yaliyokuwa juu akaniambia niandike LEO TUMEMONA NINI?, na chini yake, badala ya namba, kila mtu alileta kitu: waya uchi kwenye maktaba, kisu kisicho na mpini, mlango wa labo unaofungukia ndani. Wiki za kwanza watu walimcheka. "Papa Shefu, leo nimemona bibi yangu amekasirika, iandikwe?" "Andika, Mado," alisema, "ile ni hatari ya kweli." Mama Feza hakurudishiwa kifundo chake; kiliunga vibaya kwa sababu ya siku tano za kitambaa. Samaki wa Kasenga walikuja siku ya kawaida tu, Alhamisi, bila kungoja mia. Nilikula kidogo. Nilisema tumbo linaniuma.

Kaye niliyonakilia hatari za ubao ule ilibaki mikononi mwangu miaka mingi, na mpaka leo nikiingia nyumba ya mtu naangalia kwanza chini. Watoto wangu wananicheka. Hata pale kwenye kilio nilikuwa nimeona waya wa spika umepita kwenye njia ya wanaobeba sufuria, na nilikuwa nimeshamwambia kijana wa muziki ausogeze ukutani kabla sijakaa. Kuona nilijifunza. Kusema lile moja ndiko sikujifunza.

Basi nikaweka sahani chini. Waimbaji wa parokia walikuwa wamenyamaza kunywa maji. Nikamwambia, "Mama Feza, ile siku, zile ngazi. Cire ilikuwa ya asubuhi. Ni miye niliipaka. Papa Kabange alikuwa amekataza."

Alimaliza kutafuna. "Najua," akasema.

"Nani alikuambia?"

"Mikono yako. Uliniinua hivi, mikono ku uso yangu, inanuka petrole. Muntu anapaka cire mu mvua, nikasema, aka katoto batakafukuza leo leo." Akatoa mwiba mdomoni, akauweka pembeni ya sahani. "Njo nikasema usiandike."

Miaka yote nilidhani alinyamaza kwa ajili ya namba, na mimi nikajificha nyuma ya kunyamaza kwake. Nikamuuliza kwa sauti ambayo sikuitambua, "Haikukuwa ju ya samaki?"

"Aa, Mado. Na samaki pia." Akacheka, bega likimtikisika. "Usiniweke mutakatifu. Nilikuwa na njaa ya ile samaki sana. Nusu weye, nusu samaki." Kisha akaacha kucheka, akanyanyua ule mkono wa kushoto akauangalia kama tulivyouangalia siku ile mvuani. "Lakini ungeandika, Ilunga angepita ingine njia. Hata miye nilifikiriaka vile. Hatukufanya muzuri, shiye bawili." Nilitaka kumwambia kwamba fungu langu ni kubwa kuliko lake, na bado nadhani hivyo, lakini hakunipa nafasi. "Papa Kabange alijua?" aliuliza. Nikasema sijui. Nikamwambia habari ya ukucha mwekundu. Akafikiri. "Cire ya miezi haitoke ku lukucha," akasema. "Alijua. Alikungojea tu." Tukageuka wote wawili kuangalia picha yake mezani, na tai aliyokuwa hapendi kuvaa.

Nilirudi nyumbani jioni, nikatoa kaye ya mwaka ule chini ya sanduku. Ukurasa umekuwa wa rangi ya chai. Chini ya yale maneno mawili palikuwa na nafasi. Nadhani niliiacha wakati ule bila kujua. Kalamu ya leo ina wino wa bluu na ile ilikuwa nyeusi, kwa hiyo atakayesoma ataona wazi kipi cha zamani na kipi cha sasa, na ni haki aone.

Mvua. Sombe. Asubuhi nilipaka nta ngazi zote saba, nilikuwa nimekatazwa. Mama Feza alianguka ngazi ya tatu, mkono wa kushoto. Alijua, akanificha. Mado.